Wazee wa migodi wenye kusahau: mtu haingii mu shimo peke yake

Ndugu na dada wa migodi, na ninyi mama wenye mnabakia ku nyumba wakati sisi tuko ku kazi, leo hatutaongea bei ya kasiterite wala mishahara. Tutaongea juu ya wazee wetu.

Kuko mzee mmoja hapa Kindu, mu komine ya Mikelenge. Jina lake tunaliacha, kwa heshima yake na ya watoto wake. Asubuhi moja, mbele jua litoke, alivaa kaske yake ya zamani, akashuka mpaka ku Lualaba, kwenye watu wanavukia kwenda Alunguli. Akakaa pale ku mchanga, mikono ku magoti. Wenye mitumbwi wakamuuliza: «Mzee, unangoja nani?» Akajibu: «Nataka kuvuka. Niko na zamu ya asubuhi ku Kalima. Nikichelewa, kapita atanikata siku.»

Ule kapita alikwisha kufa zamani. Na ile zamu ilikwisha tangu miaka zaidi ya 25.

Habari ikatufikia sisi wa sendika. Na tulifanya nini? Tulicheka. Tunaandika neno hili na haya mu uso, kwa sababu mzee huyu njo alikuwa kitabu chetu. Mjane akikuja bila karatasi, yeye alisema palepale: bwana yako aliingia kazi mwaka fulani, kambi fulani, kapita wake alikuwa fulani. Juu ya maneno yake tuliweza kufuata haki ya watu. Leo kitabu kile kinajifunga, ukurasa kwa ukurasa, na sisi tulicheka.

Miezi ikapita, kicheko kikakwisha. Mtoto wa jirani akafariki na malaria. Watu wakaanza kusema: mzee huyu anatembea usiku, anaongea na watu wenye hawaonekane, anaita majina ya wafu. Njo ndoki. Vijana wakakuja mpaka ku mlango wa parsele na fimbo. Binti yake akamfungia mu chumba na kadenasi, si kwa kumtesa, ni kwa kumwokoa. Na sisi tukasema: «Ile ni mambo ya nyumba yao.»

Mu shimo, kama jiwe linamuangukia mwenzetu, hakuna mwenye anasema ni mambo ya nyumba yao. Wote tunatupa nyundo na kukimbia. Basi juu ya nini hapa tulikaa kimya? Swali hili njo lilituamsha. Tukaanza kuulizauliza: ku waganga, ku wenzetu wa inchi zingine, na ku wazee wenyewe. Tunawapa hapa yale tuliyopata.

Ni ugonjwa, haiko uchawi

Kila mtu anasahau. Kusahau fasi uliweka funguo, kisha kuikumbuka mangaribi, ile ni ya watu wote. Lakini mzee akishika funguo mkononi na hajui tena ni ya kazi gani. Akiuliza swali moja mara kumi mu saa moja. Akipotea mu njia yenye alipita miaka 30. Akimwita mke wake jina la mama yake. Akianza kukasirika bila sababu, yeye mwenye alikuwa mtu mpole: hapo tujue kuko kitu kinaharibika mu ubongo.

Mwaka 1906, munganga mmoja wa Ujerumani, Alois Alzheimer, alieleza mbele ya wenzake ugonjwa wa mama mmoja mwenye alipoteza kumbukumbu mbele ya kufikia uzee. Kisha kifo cha ule mama, alipima ubongo wake mu darubini na akaona alama zenye macho peke yake hayawezi kuona. Jina la munganga likabakia ku ugonjwa. Lakini kuko namna zingine pia. Ingine inatoka ku mishipa ya damu, kwa mfano kwa mtu mwenye alianguka na AVC, upande mmoja wa mwili ukafa.

Kuko wenye wanasema ni ugonjwa wa Wazungu. Hapana. Shirika la Afya Duniani, OMS, linahesabu kama mwaka 2021 watu milioni 57 walikuwa wanaishi na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Zaidi ya 60 kwa kila 100 wako mu inchi zenye mapato madogo na ya katikati, sawa zetu. Karibu na sisi, watafiti walipima wazee wa miaka 65 na zaidi mu miji miwili, wakatoa matokeo mwaka 2010: ku Bangui, karibu 8 kwa kila 100 walikuwa nao, ku Brazzaville, karibu 7 kwa kila 100. Na ku Brazzaville vilevile walisikia yale tunayosikia hapa: mzee mwenye kusahau anaitwa ndoki.

Mu inchi yetu pia kazi imeanza. Jean Ikanga, mtaalamu Mkongomani, pamoja na wenzake wa Kinshasa na wa Chuo Kikuu cha Emory ku Marekani, wanatengeneza mitihani ya kumbukumbu yenye inafaa watu wa Afrika. Juu ukimpima mzee wa Kailo na mambo yenye hakuyaona hata siku moja, utasema ni mgonjwa, kumbe hakufundishwa tu.

Neno moja kubwa: kusahau si kila mara ugonjwa wa uzee. Kuko zingine zenye zinaweza kutunzwa. Malaria kali inavuruga akili. Malale, yenye iko mu Maniema yetu, inafanya mtu alale muchana, ageuke usiku, aongee ovyo. Leo kuko dawa ya kumeza siku 10, fexinidazole, yenye ilijaribiwa hapa Kongo. Kaswende ya zamani, virusi vya ukimwi, damu kukosa vitamini, huzuni kubwa kisha kufiwa: zote zinaweza kufanana na ugonjwa huu. Njo maana, mbele ya kupeleka mzee ku chumba cha maombi ao ku mganga wa kienyeji, tumpeleke ku hopitali wampime damu na tansio. Kama ni ile yenye haina dawa ya kuponyesha, walau tutajua. Na kama iko na dawa, tutakuwa tumemuokoa.

Sisi wa migodi tuko karibu na hatari

Mwaka 2024, wataalamu wenye wanaandika mu jarida la Uingereza, The Lancet, walitaja vitu 14 vyenye vinaongeza hatari ya ugonjwa huu. Walisema kama vyote vingeondolewa, karibu nusu ya wagonjwa wangeweza kuepuka ao kuchelewa kuupata. Tulipoona ile orodha, tuliona maisha yetu wenyewe.

Masikio yenye kufa: ni nani kati yetu hakusimama karibu na dinamiti, kompresa ao mashini ya kusaga mawe? Mtu mwenye hasikie anaacha kuongea na watu, na ubongo wake unakosa kazi. Kupigwa ku kichwa: kila creuseur anajua mwenye alipigwa na jiwe, akalala siku mbili, kisha akarudi ku shimo bila kupimwa. Tansio. Sukari. Tumbako. Pombe, na hapa lotoko tunaijua. Kukosa masomo mu utoto. Na kingine chenye hatukukifikiria: kuishi peke yako, bila watu wa kuongea nao.

Tuongeze sumu moja yenye haiko mu orodha ile, lakini iko mu mikono yetu: zebaki, ile wenye zahabu wanaita merkire. Ukiichoma kwa kutenganisha zahabu, moshi wake unaingia mu mapafu, mu damu, mpaka ku ubongo. Mikono inaanza kutetemeka, kumbukumbu inapungua, hasira inapanda. Dunia ilikubaliana mwaka 2013 kupunguza zebaki, mu mapatano yenye yanaitwa Minamata, jina la mji wa Japani kwenye watu wengi waliharibika juu ya sumu hii. Lakini ku kariere, bado kuko wenye wanaichoma mu jiko kwenye mama anapikia bugali, mtoto mgongoni. Tunaomba: msiichome mu nyumba hata siku moja.

Wenye walianza kazi mwaka 1976, wakati mashirika ya migodi yaliungana kuwa Sominki, kama walikuwa na miaka 20, leo wako karibu na 70. Hawa njo waliona Oktoba 1985, wakati bei ya étain ilianguka mu soko la dunia. Waliona kambi zikinyamaza, kisha vita. Wengi walishuka Kindu ku watoto wao. Wanazeeka sasa, wote kwa mara moja. Yule mzee wa ku mchanga ni wa kwanza tuliyemuona. Hatakuwa wa mwisho.

Wenzetu wa Hai walikaa chini pamoja

Tulitafuta fasi yenye watu kama sisi, wenye kuongea Swahili na wenye hawana pesa mingi, walijaribu kitu. Tuliikuta ku Tanzania, mu wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro. Mu miaka 2009 na 2010, watafiti walizunguka vijiji na kufuata wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi. Walikuta zaidi ya 6 kwa kila 100 wako na ugonjwa huu. Vijiji vya wakulima, si mji wa Wazungu.

Kisha hawakuishia ku kuhesabu. Walichukua njia moja yenye ilijaribiwa mbele ku Uingereza na kuonekana nzuri mwaka 2003, wakaigeuza ifae watu wa pale. Haiko sindano wala kidonge. Ni kikundi kidogo cha wazee wenye kukutana mara mbili kwa juma, mu majuma 7. Ni mikutano 14 yote. Kila mkutano unaanza namna moja: salamu kwa jina, wimbo, siku ya leo, hali ya hewa. Kisha kuko habari moja ya kuongelea: chakula, utoto, pesa ya zamani, sauti, kazi ya mikono. Wazee wengi hawakujua kusoma, njo walitumia zaidi vitu vya kushika na mambo ya maisha yao kuliko karatasi.

Wazee 34 walifuatwa, na matokeo yakatolewa mwaka 2017. Akili yao ilisimama vizuri zaidi kuliko mbele, na woga ulipungua. Tusidanganyane: hakuna mwenye aliponyeshwa. Ugonjwa unaendelea. Lakini mtu alirudi kati ya watu.

Sheria moja ya ile njia tuliipenda sana, na inafaa kila nyumba. Usimuulize mzee «Unakumbuka?» Muulize «Unaona namna gani?» Swali la kwanza ni mtihani, na anajua atashindwa, atanyamaza ao atakasirika. Swali la pili linamuomba shauri, na shauri mzee hakosi.

Hata kwenye pesa iko mingi, watu waligundua kama dawa ya kwanza ni kukaa pamoja. Ku Uholanzi, mwaka 1997, mtaalamu wa saikolojia Bère Miesen alianzisha mikutano yenye wagonjwa, jamaa zao na waganga wanakaa meza moja, wanakunywa kahawa, wanaongea ugonjwa bila kujificha, kwa sababu hata kule watu walikuwa wanauficha. Ku Ufaransa, ku mji wa Rennes, mwaka 2004, wengine walianza kukutana mu bistro ya kawaida, kati ya watu wote. Si mu hopitali. Fasi yenye kila mtu anaweza kuingia bila haya.

Benchi mbili chini ya muembe

Sisi hapa hatuna bistro, lakini tuko na miembe. Tulianza na wazee saba, wanaume watano na wajane wawili, mu parsele ya mwenzetu mmoja. Benchi mbili, birika ya chai, mandazi. Saa moja tu, kwa sababu wanachoka.

Tulichagua siku ya posho, na tulikuwa na sababu. Mu kambi za zamani, siku ile njo familia zilipanga mstari kwa kupokea mchele, chumvi na mafuta. Kuko mzee mwenye hajui tuko mwezi gani, lakini ukimwambia «leo ni posho», anasimama na kutafuta kikapo.

Mwanzo wetu ulikuwa mbaya. Tuliwapanga kama wanafunzi, tukawauliza mwaka gani walizaliwa. Mjane mmoja akalia. Mzee mmoja akaondoka na hakurudi tena siku ile. Tulipojifunza ile sheria ya Hai, tukageuza. Tukaleta vitu: karai, nyundo, kaske, kinu na mutwangio, majani ya sombe, taa ya karibidi.

Wazee wa Warega hawangeshangaa. Mu Bwami yao, mafundisho yalipitia ku vitu: sanamu ya mti ao ya pembe, kombe, mdomo wa ndege. Kila kitu kilikuwa na neno lake la hekima. Anayekishika anasema neno. Serikali ya wakoloni ilikataza Bwami mwaka 1948, lakini ile akili ilikuwa ya kweli: kitu mkononi kinaita neno mu kinywa.

Na tuliliona kwa macho. Mzee wetu wa ku mchanga, yule yule, alipewa taa ya karibidi. Siku ile hakumjua binti yake. Lakini vidole vyake vilifungua taa, vikaonyesha fasi ya jiwe chini, fasi ya maji juu, namna ya kufungua maji tone kwa tone, juu yakitoka mengi moto unaruka. Vijana wawili wa kariere, wenye hawakuona taa ile hata siku moja, walisogea. Mzee akawaangalia, akasema: «Ninyi mnaingia mu shimo na telefoni. Telefoni haiwezi kukuambia kama hewa inakwisha. Moto wa taa ukianza kulala, wewe toka.» Mmoja wa wale vijana alikuwa kati ya wenye walikuja na fimbo. Alikaa mpaka chai ikakwisha. Hakusema kitu, lakini juma lenye lilifuata alirudi, akabeba benchi.

Hatutaki muamini kama kila posho iko vile. Kuko siku wazee wawili tu wanafika, kwa sababu ya mvua. Kuko siku mzee wetu hatujui hata mmoja, anataka tu kwenda Kalima. Hapo tulijifunza kutobishana. Ukimwambia «Kalima ilifungwa, rafiki zako walikufa», unamfanya afiwe upya, kila siku. Tunamwambia: «Mzee, tuelezee Kalima.» Anakaa, anaeleza, na safari inakwisha.

Wenzetu wengine wa sendika walituuliza wazi mu mkutano: «Mchango wetu ni wa kutetea mishahara na usalama wa shimo. Mbona chai ya wazee?» Swali ni la haki, juu kila faranka ya mchango ilitoka mu jasho. Hatukukubaliana wote mpaka leo. Tuliamua kama sanduku la sendika lisiguswe: mwenye kuja analeta sukari, mwingine majani ya chai, mwingine makala. Ni likelemba, tofauti moja tu: hatungoji zamu yetu ya kupokea. Ao labda tunaingoja, lakini ni ya uzee.

Wenye kulinda, ni nani anawalinda?

Tulifikiri tunaita wazee peke yao. Kumbe wenye walihitaji benchi zaidi walikuwa wenye waliwaleta: wake, mabinti, wajukuu. Binti ya mzee wetu alikuwa anauzisha ku soko. Akaacha, kwa sababu hawezi kumuacha baba peke yake. Mtoto wake wa kike, mwenye miaka 13, alikuwa anakosa masomo kwa kumlinda babu. Usiku hawalali. Na jirani wanasema: «Ninyi mnamfungia kama mbuzi.»

Ile saa moja ya posho, wanakaa upande wa pili wa muembe na wanaongea wao kwa wao. Mmoja alisema kama alimpiga baba yake kofi siku moja, juu ya uchovu, na tangu ile siku moyo wake haujapona. Hakuna mwenye alimhukumu. Wawili wengine walisema: «Hata mimi.» Sasa wanagawana zamu: leo wewe unalinda wazee wawili, mimi naenda soko, kesho mimi. Mtoto amerudi ku masomo.

Ku Nairobi, Elizabeth Mutunga, mwenye alimtunza baba yake mgonjwa, alianzisha chama, ADOK, chenye wenye kulinda wagonjwa wanakutana na kufundishana. Alianza kwa sababu alijikuta peke yake na maswali. Mabinti wa Mikelenge walifanya vile vile bila kumjua.

Karatasi, mbele kumbukumbu iishe

Hapa tunaongea kama sendika. Mzee mwenye kusahau anaweza kupoteza haki yake, kwa sababu haki iko mu kichwa chake. Nimero ya matrikile, mwaka wa kuingia kazi, majina ya kambi, ya kapita, ya wenzake wa zamu: yote yaandikwe sasa, wakati bado anaweza. Chukueni telefoni, mumuache aongee, msimkate. Karatasi za kazi na za pansio ya CNSS ziwekwe mu mfuko wa plastiki, na watu wawili wa familia wajue ziko wapi, si mmoja. Msimpeleke mzee peke yake ku biro ao ku banki. Watu wabaya wanajua harufu ya mtu mwenye hajui kuhesabu tena.

Na tukumbushe wakubwa wetu: Katiba ya inchi yetu ya mwaka 2006, mu kifungo cha 49, inasema watu wa uzee na wenye ulemavu wako na haki ya kulindwa kipekee kufuatana na mahitaji yao. Hatuombi nyumba ya gorofa. Tunaomba ku sentre ya afya pakuwe hata munganga mmoja mwenye alifundishwa kutofautisha ugonjwa huu na malale, na huzuni, na tansio. Tunaomba maimamu, mapadri na wachungaji waseme siku moja ku watu wao kama kusahau haiko uchawi. Neno lao ku Kindu linaweza kuzuia fimbo kuliko neno letu.

Kwa ninyi wa Kalima, Kampene, Punia, Namoya, Kailo: hamngoji ruhusa ya mtu. Tafuteni wazee watano ao saba, si ishirini. Chagueni siku moja, saa moja, fasi moja, na msiibadilishe ovyo, juu mzee anashika njia kwa mazoea. Leteni kitu cha kazi yao ya zamani. Muwaite kwa jina. Imbeni wimbo wenye wanaujua, na mtaona kama maneno ya wimbo yanabakia wakati maneno mengine yamekwenda. Wenye kulinda wakae karibu, lakini si juu ya vichwa vyao. Mzee akikosea, muache akosee.

Kadenasi ya chumba cha mzee wetu, binti yake aliitoa. Si kwa sababu hatembei tena, bado anatembea. Siku zingine anashuka bado ku Lualaba na kaske yake. Lakini wenye mitumbwi na wamotari wa pale tuliwaelezea. Sasa wanamsalimia: «Jambo Mzee, kamioni bado. Kaa hapa kidogo.» Wanampatia kiti, mmoja anapigia binti yake telefoni, na kama ni siku ya posho, motari anamleta moja kwa moja chini ya muembe, bure.

Tunakutana kila posho, saa tatu ya asubuhi. Mwenye eko na mzee ku nyumba, amlete. Mwenye hana mzee, alete sukari.